Doa Jekundu la Kilomita ya Saba

Picha ilifika Kamina kwa treni, ndani ya mrija wa bati, kifuani mwa bwana mmoja wa Kinshasa aliyevaa abakosti, ile suti isiyo na tai, safi kuliko nguo yoyote iliyowahi kushuka kwenye stesheni ile. Valizi yake alimwachia mchukuzi, kofia ikamtoka ikaangukia relini, hakujali. Mrija aliushika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa yai alifikishe nyumbani. Jina lake Mputu, Citoyen Mputu kama raia wote wa Zaire walivyoitwa. Katika ofisi ya ramani alikataa kiti, akakataa maji, akaomba meza kubwa kuliko zote, na juu yake akakunjua karatasi yenye ukubwa wa mlango.

Lazare, mchoraji wa ofisi, aliinama, akaangalia, akanyoosha mgongo.

"Citoyen," akasema, "huyu mugonjwa alisha kufa."

Kweli ilionekana hivyo. Karatasi nzima ilikuwa na rangi ya mtu aliyepigwa: nyeusi-bluu huku, kijivu kule, na hapa na pale matone mekundu kama damu iliyosahauliwa kufutwa.

"Haiko mugonjwa," Mputu akasema bila kucheka, maana alikuwa mtu wa kucheka siku za sikukuu tu. "Iko Kamina yenu. Satelite ilipita juu yenu, kilomita mia nane na zaidi, tarehe kumi na nane ya mwezi wa nane, saa ine na nusu ya asubuhi. Weye ulikuwa wapi ile saa?"

"Hapa. Kwa hii meza."

"Basi uko ndani."

Lazare akatafuta paa la ofisi kwa ncha ya kalamu, akaona kadoa kadogo ka kijivu, akaanza kujikuna shingo. Miaka ishirini na sita amekuwa akiambiwa kwamba Mungu anamwona toka juu, na hajawahi kukosa usingizi. Lakini mtu wa Kinshasa, hilo ni jambo lingine.

Mputu akaeleza kwa kidole. Lile jicho la juu linaona mwanga ambao macho yetu hayauoni, na majani mabichi linayatoa mekundu. Nyasi zilizokauka ni kijivu. Pori lililoungua ni jeusi.

"Sasa angalia. Mwezi wa nane, bantu balisha kuchoma pori yote juu ya kutafuta panya. Fasi gani itabakia nyekundu?"

"Fasi yenye maji."

"Njo vile."

Na hapo ndipo ilipokuwa kazi yenyewe. Kambi ya jeshi ya Base ilipata maji kwa bomba refu la chuma, kilomita kumi na moja, lililolazwa chini ya ardhi na Wabelgiji toka chemchemi ya Kalumbwe. Maji yaliingia bombani yakiwa mto, yakatoka kambini yakiwa jasho. Huu wa themanini na nane ulikuwa mwaka wa sita wake za askari wakipanga ndoo tangu alfajiri mbele ya robine, koki ya kambi, inayokohoa. Kila Jumamosi ya salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, walitolewa na majembe kwenda kutafuta tundu pale bomba linapodhaniwa kupita. Walichimba hapa, walichimba pale. Waliokota risasi za zamani, chupa za bia za Wazungu, na siku moja meno ya bandia, tundu hawakuliona. Ndipo Kinshasa ikasema: acheni majembe, tutalitafuta toka juu. Doa jekundu litakalokaa juu ya bomba, hapo ndipo maji yanapotorokea.

"Leta plani ya Babelgiji," Mputu akasema. "Uichore tena kwa karatasi ya kupitisha mwanga, uiweke juu ya picha. Lakini weye uangalie, hii picha haiyanyooshwa. Machine ya Kinshasa ya kunyoosha iko na pane, haitumike, tangu Pasaka. Unasikia?"

"Nasikia, citoyen," Lazare akajibu, kwa sauti ya mtu asiyesikia kitu. Macho yake yalikwisha kutua upande wa Base, kwenye madoa mawili mekundu, madogo kama kucha, peke yake katikati ya weusi wote ule.

Kwa sababu Lazare alijua maji yanaenda wapi. Alikuwa anayala.

Kila Jumapili Denise alimletea kabichi. Kabichi za Septemba, wakati mji mzima unatafuna sombe la majani ya muhogo na vumbi, kabichi ngumu kama kichwa cha mwalimu wa hesabu, zikiwa bado na umande. Denise alikuwa mchumba wake, na kabichi zilikuwa za mama yake, Mama Marceline, mke wa Ajida Likoke, askari ambaye amepelekwa Kivu mwaka wa pili sasa na hutuma salamu tu. Mama Marceline hakutoboa bomba. Bomba lilijipasua lenyewe, mwaka wa mvua kubwa, mahali pa kichaka mbali na njia. Yeye alipita akitafuta kuni, akakanyaga tope katikati ya kiangazi, akasimama, akafikiri, akarudi kesho yake na jembe. Kosa lake lilikuwa moja: hakumwambia mtu. Na siku za salongo alisimama kwenye mstari na wenzake, akachimba kwa bidii kuliko wote mahali pasipo na kitu, akijipangusa jasho na kuuliza kwa huruma: "Sasa hii maji inaendaka wapi, Bwana wetu?"

Komanda alikuwa amesoma amri mbele ya bendera: nyumba itakayokutwa inakunywa kwenye bomba njiani, itatoka kambini kabla ya jua kuzama, na kitanda, na kuku, na watoto. Marceline alikuwa na watoto watano, Denise akiwa wa kwanza. Harusi iliwekwa mwezi wa kumi na mbili. Na sasa mtu wa kuonyesha doa kwa kidole ni bwana-arusi.

Mputu akaenda kutafuta karanga. Lazare akainakili plani upesi, akailaza juu ya picha, pembe kwa pembe, kama alivyofundishwa shule: kaskazini juu, ukingo kwa ukingo. Mstari wa bomba ukashuka toka Kalumbwe, kilomita moja, mbili, tano, na kwenye kilomita ya saba ukapita katikati kabisa ya doa la kushoto. La kulia likabaki peke yake, mbali na bomba.

Basi hesabu ikaisha. Bustani za kijani upande ule ni mbili tu: ya masere, watawa wa misioni, wenye kisima chao, na ile ambayo hakuna anayeijua. Iliyo kwenye bomba ni ya bukwe wake, yaani mkwe wake. Nyingine ni ya masere.

Mtu atauliza: mbona asikumbuke tu shamba la mama mkwe lilipo? Asingeweza. Hakuwahi kulikanyaga. Lazare ni Muluba wa hapa, na Mama Marceline ni Muluba wa Kasai, na kwa watu wa namna hiyo mkwe wa kiume na mama wa mke hawatazamani usoni. Hawali pamoja. Hawakutani njiani, mkwe akimwona mama anakuja, anaingia kichakani, hata kama kichaka kina miiba. Kwenda shambani kwake ingekuwa aibu ya kusimuliwa mpaka Kabondo-Dianda. Alijua alichosikia kwa Denise: pa bomba, mbele ya nyumba ya pili ya valvu, kuna miti ya ndizi. Hayo tu. Na kwa masere pia hakuwahi kufika.

Aliangalia mlangoni, akatoa wembe wake wa kukwangulia wino. Doa moja tu. Kwangua mara mbili, paka kijivu, nani atajua.

"Unataka kunyoa nani?" Mputu akauliza nyuma yake, mdomo umejaa karanga.

"Inzi, citoyen. Alitua hapa."

"Acha inzi. Na ujue kitu kimoja, hii karatasi iko mutoto tu. Mama yake iko mu bande, kanda ya machine, kule Kinshasa. Kila kipande ya metre makumi mbili iko na namba yake. Ukikwangua hapa, namba inabakia kule." Akainama, akaona mstari wa bomba ukipita kwenye doa, akaacha kutafuna. "Tiens. Na ile ingine?"

"Ya bamasere."

Mputu akaandika kwa kalamu ya risasi pembeni mwa doa la kulia: masere. Halafu akaligonga la kushoto kwa kidole. "Kesho saa tatu tunaenda. Nitaomba askari ku Base. Weye njo utatuongoza."

Saa nane mchana Lazare alikuwa juu ya baiskeli. Njia ya Base aliijua kwa matako, kila shimo. Siku hiyo hakukwepa hata moja. Mara mbili alinyanyua kichwa kuangalia mbinguni, na mara ya pili aliingia mtaroni.

Alimkuta Denise nyuma ya nyumba akipepeta mchele. Mama Marceline alikuwa mbele ya jiko, hatua nne. Lazare, kama heshima inavyotaka, akageuka akatazama ukuta wa choo.

"Denise," akasema kwa ukuta, "mwambie mama kama picha imemuona."

Denise akaacha kupepeta. "Mama, picha imekuona."

"Picha gani?" Marceline akasema. "Minyi sijapiga picha tangu ndoa yangu."

"Anasema picha gani."

"Nasikia. Mwambie ni picha ya satelite. Inapigwa toka juu, juu kabisa. Kila kijani iko inatoka nyekundu. Bustani yake iko inaonekana kama kidonda kwa paji la uso."

Denise akapeleka, akiongeza kidonda kikawa viwili. Marceline akauliza: "Ilinipiga siku gani?"

"Tarehe kumi na nane ya mwezi wa nane, saa ine na nusu ya asubuhi."

Kuku akapita kati yao.

"Ile saa nilikuwa nimeinama," Marceline akasema. "Muulize kama ilinipiga kwa nyuma."

Denise alishindwa kulipeleka hilo. Alikaa juu ya kinu akicheka mpaka machozi, na Lazare mbele ya ukuta wake akawa mwekundu kuliko picha.

"Mwambie mtu haonekani," akasema mwishoni. "Ni shamba tu."

"Afadhali. Basi tutaifunika na mikeka."

"Mama, picha ilisha kupigwa," Denise akasema peke yake, bila kungoja. "Hata ukifunika na blanketi ya hospitali."

"Na kesho saa tatu banakuya kwa miguu yabo," Lazare akaongeza. "Na askari."

Hapo kicheko kikaisha. Denise aliangalia ndani ya nyumba, kitanda, godoro lililokunjwa, viatu vya wadogo zake vilivyopangwa mlangoni. Marceline akafuta mikono kwenye kitenge.

"Muulize huyu mwenye kusema na choo: iko na hakika ni yangu?"

"Plani haidanganye," Lazare akasema, na alilisema vizuri, kifua mbele. Angekumbuka sentensi hiyo muda mrefu.

"Bon. Saa tatu hawatakuta hata jani. Jua ikitoka tu, minyi na wale wamama watatu benye kunisaidia, tutang'oa yote."

"Muulize mtaipeleka wapi."

"Fasi askari hawezi kutafuta," Marceline akasema. "Na mwambie hiyo haiko kazi ya bukwe kujua."

Alirudi mjini akikanyaga pedali kama anayefukuzwa. Alilala akageuka, akageuka tena, akaamka, akaiangalia picha akilini: doa, bomba, doa. Kila kitu kilikuwa sawa. Hicho ndicho kilichomsumbua. Katika maisha yake hakuna kitu kilichowahi kuwa sawa mara ya kwanza.

Saa tatu Land Rover ya Base iliwachukua. Mbele alikaa Mputu na mrija wake. Nyuma, Lazare, askari wawili wenye usingizi, na sajenti wao, Serja Kazadi, Muluba mnene wa Bukama, mwenye sauti ya kuamsha maiti na mke mwenye kubeba ndoo nane kwa siku.

"Minyi nikimpata huyu mwizi wa maji," Kazadi akasema njia nzima, "nitamukalisha kwa ile tundu, afunge na matako yake."

Lazare alicheka pamoja nao. Kilikuwa kicheko chembamba.

Waliacha gari njiani, wakatembea kwenye majivu ya pori, Lazare mbele na karatasi mkononi, akihesabu hatua. Weusi kila upande, vumbi la mkaa mpaka kwenye meno. Halafu mbele yao ukaonekana ukijani, kwanza kidogo, halafu mwingi, na miti ya ndizi. Akajiambia: hakuna hata jani, alisema, hawatakuta hata jani.

Majani yalikuwepo. Karoti mistari na mistari, vitunguu, matembele. Kulikuwa na ua wa miti iliyokatwa sawasawa. Kulikuwa na kisima chenye gurudumu. Na juu ya lango dogo palikuwa na msalaba mweupe.

Kengele ikalia. Masere Émerence, mtawa mfupi mwenye buti za mpira, akatoka akijipangusa udongo.

"Karibuni. Leo Kamina yote inakuja kwetu. Mmeleta na nyinyi kabichi?"

Nyuma yake, barazani, palikuwa na mlima. Kabichi zilipangwa mpaka madirishani, zimezuia mlango, nyingine zimebiringika kwenye ngazi. Wanawake watatu wa kambi walikuwa bado wanatua mabeseni. Na wa nne, aliyekuwa anashuka ngazi akipumua, akijinyoosha kiuno, akanyanyua uso moja kwa moja mbele ya Lazare.

Ilikuwa ni mara ya kwanza maishani kuona uso wa Mama Marceline. Aliuona kwa nusu sekunde. Halafu mwili wake ukafanya ulichofundishwa kabla hajajua kusoma: ukageuka wote, kwa nguvu, kama mlango wenye springi, akabaki ameutazama mpapai, mgongo kwa wote, ramani imeng'ang'aniwa kifuani. Na Mama Marceline, kwa upande wake, akajifunika kichwa kwa kitenge na kugeukia kabichi.

Mputu hakuona kitu. Kwao Kinshasa mtu akigeuka ni kwamba anataka kukojoa.

Lakini Serja Kazadi alikuwa mtoto wa hapa. Aliangalia mgongo wa Lazare. Aliangalia mgongo wa Marceline. Aliangalia mlima wa kabichi. Tabasamu likaanza upande mmoja wa mdomo wake, likasafiri polepole mpaka upande wa pili.

"Aaa," akasema. "Bukwe."

Lazare akaona mpapai ukizunguka. Ameponzwa na adabu yake mwenyewe. Angemwangalia tu kama mwanamke yeyote wa sokoni, kusingekuwa na lolote. Mwanamke ameleta kabichi misioni, basi. Lakini sasa mgongo wake ulikwisha kusema yote, nani mkwe wa nani na nani alimwonya, na hakuna namna ya kuufunga mdomo.

"Masere," Mputu akauliza, akizunguka mlima na kalamu, "hizi zote zimetoka kwa bustani yenu?"

Masere Émerence alikuwa mtu wa kusema kweli, hata kama aliisema kwa upande. "Sisi tunalima karoti na vitunguu. Kabichi zimefika asubuhi hii, zikaomba kulala."

"Ndiyo maana. Kwa picha bustani yenu iko vipande kumi tu. Hii mzigo inataka kipande makumi tatu." Akamfuata Lazare kwenye mpapai, akamnyang'anya ramani, akaitandika chini. "Na bomba iko wapi? Hapa hakuna bomba. Uliweka plani namna gani?"

"Pembe kwa pembe, citoyen."

"Pembe kwa pembe." Mputu akafumba macho. "Sikukuambia haiyanyooshwa? Satelite haipande wima kama muntu ku ngazi. Inapita kwa upande, na picha inalala kwa upande. Angalia reli."

Akabana karatasi ya plani kwa kidole pale Kalumbwe, akaizungusha kidogo, kidogo tu, kama mtu anayenyoosha fremu ukutani. Reli ya plani ikaenda ikalala juu ya reli ya picha. Na mstari wa bomba ukatoka kwenye doa la kushoto, ukatembea juu ya weusi, ukasimama katikati ya doa la kulia. Lile lililoandikwa masere kwa kalamu ya risasi.

Lazare aliangalia. Asingeonya, wangekuta shamba lenye kabichi bila mwenyewe. Ameonya, na sasa wamepata mwenyewe na kabichi mkononi kabla hata ya kuona shamba. Hakuna mtu wa Kamina aliyewahi kusaidia ukoo wa mke wake kwa ustadi namna hiyo.

"Serja," Mputu akasema, akikunja karatasi, "tunaenda kule. Na tutafute mwenye shamba."

Kazadi hakutembea. Alikuwa bado anawaangalia wale wawili waliogeuziana migongo, na sauti yake, alipofungua mdomo, ilikuwa ndogo kwa mara ya kwanza. "Mama, weye njo mke wa Likoke. Ulichimba salongo pembeni ya bibi yangu, muke wangu mwenyewe. Ulimuuliza maji inaendaka wapi."

Marceline hakugeuka. Alisema na kabichi. "Masere, mumuulize Serja Jumapili alikula nini."

Masere Émerence aliangalia mmoja, akaangalia mwingine. "Serja, anauliza Jumapili ulikula nini."

Kazadi akajikuna kidevu. "Kabichi."

"Na Jumapili ingine?" Marceline akasema kwa kabichi.

"...Kabichi. Bibi yangu alisema rafiki anamupatiaka. Bure." Akavua kofia, na askari wawili wakaanza kuangalia viatu vyao, maana na wao walikuwa na Jumapili zao. "Sasa tutafanya nini? Minyi niko na amri. Saa hii jua likizama, weye na batoto inje."

"Mumwambie," Marceline akasema, "maji bachukue yote. Nitabaonyesha tundu na mkono yangu, bafunge leo. Miaka sita nilikosea, najua, nilikuwa naona bibi yake na ndoo na nilikuwa naona aibu, njo maana nilikuwa namupatia. Lakini batoto yangu basitupwe inje. Baba yabo iko Kivu."

Gurudumu la kisima lilipiga kelele kwa upepo.

"Kwa rapoti yangu," Mputu akasema, akitazama saa, "minyi naandika fasi na maji. Kila doa nyekundu inaomba jina. Hapa: masere. Kule: naandika nini? Komanda atasoma."

"Andika masere namba mbili," Kazadi akasema upesi. "Bamasere hawana kambi ya kufukuzwa."

Ilikuwa ni akili nzuri, na ingeishia hapo, kama Mama Marceline asingekuwa Mama Marceline.

"Masere," akasema, na kitenge kikamshuka kichwani, "mumwambie huyu bwana: miaka sita nalima minyi. Nabeba samadi na kichwa minyi. Toka juu kabisa bananiona, kilomita mia nane, na jina banapatia masere? Aandike yangu. Kama wanifukuze, wanifukuze na jina yangu."

"Mama," Lazare akasema kwa mpapai, akisahau kwamba hasemi naye.

"Masere, mumwambie huyu muti anyamaze. Aandike Marceline."

Na hapo, kwa mara ya kwanza siku zile mbili, kichwa cha Lazare kilifanya kazi ya kichwa. Akageuka kwa Mputu, akitembea kwa upande kama kaa asione asichotakiwa kuona, akachukua kalamu.

"Citoyen, nitaandika minyi. Serja, mu liste ya kambi huyu mama anaitwa namna gani?"

"Citoyenne Mbuyi Likoke. Njo vile iko."

"Kuna Marceline kwa liste?"

Kazadi akafikiri. Majina ya ubatizo serikali iliyatoa kwenye karatasi zamani. Yamebaki kanisani, jikoni na kwenye mdomo wa wanawake. Katika liste ya komanda hakukuwa na Marceline, wala Denise. "Hakuna hata moja," akasema, na lile tabasamu likaanza tena safari.

"Komanda akiuliza Marceline njo nini?" Lazare akauliza.

"Nitasema iko jina ya ile fasi. Ya wakati ya Babelgiji. Walikuwa wanapenda kupatia bintu majina ya bibi zao."

Lazare akaandika pembeni mwa doa, kwa herufi zake nzuri za ofisi, zilizonyooka kuliko picha: MARCELINE. Kwa namna hiyo alitimiza aliyoombwa na mama mkwe bila kukosa hata herufi, na hakuna ofisi yoyote ya Zaire ambayo ingeweza kumpata huyo Marceline.

Tundu walilikuta adhuhuri, mahali Marceline alipowapeleka: lenye upana wa kidole kimoja, chini ya mizizi ya ndizi, likiimba peke yake. Pembeni, udongo mweusi, mtupu, umeng'olewa kila kitu. Lazare alisimama ukingoni akiangalia kwa jicho la pembeni shamba alilolila mwaka mzima bila kuliona. Kazadi akaita mafundi wa Base. Na kwa kuwa mafundi hao hawaweki hata msumari usio kwenye plani, mtu mmoja mwenye mkono mzuri alikuwa tayari amechora, juu ya kilomita ya saba, kialama kidogo cha robine. Waliona alama, wakaziba tundu, wakaweka robine. Kambini jioni ile maji yalitoka kwa kelele, na wanawake wakakimbia na ndoo kana kwamba yatabadili nia.

Jumamosi iliyofuata Denise alimjia Lazare ofisini na jembe begani.

"Mama anasema kabichi zake uliziua weye, na plani yako isiyodanganya. Utapanda zingine. Kama hutaki, Desemba uoe picha."

Kwa hiyo ukipita kilomita ya saba wakati ule ungewaona. Mama Marceline anaanzia ukingo wa mashariki, amegeukia mashariki. Lazare anaanzia ukingo wa magharibi, amegeukia magharibi. Kila mmoja analima akirudi kinyumenyume, mgongo kwa mgongo, na Denise katikati anabeba maneno: sogea kushoto, mstari umepinda, muulize alijifunza wapi kushika jembe, ofisini? Kila mstari unawasogeza karibu, na hakuna aliyesema watafanya nini wakikutana.

Saa ine na nusu, kila siku ya kulima, Lazare anasimama. Haangalii saa, shingo yenyewe inajua. Ananyanyua uso kwenye mbingu nyeupe isiyo na kitu, anangoja, jembe mkononi.

"Anafanya nini?" Marceline anauliza.

"Anaangalia kama inapita."

"Mwambie ainame. Na ajipange sawasawa kwa shamba, bamupige naye kwa nyuma."